Sindano ya Kukua

Jumamosi, 13 Aprili

Idi imepita. Sinia la makrudi, vile vitamutamu vya tende, limebaki makombo, na mimi nimebaki na kiuno kipya ambacho sikukiomba.

Shemeji yangu Wahab ametuletea zawadi ya Idi: harufu. Kaja na wanakondoo wawili, pacha, kawaweka katika gereji yetu hapa chini. Kwao ghorofa ya nne hapatoshi, anasema. Kwetu ni shamba, bila shaka. Mimi sikuulizwa. Mume wangu Lakhdar alisema, "Ni ndugu yangu," sentensi ambayo katika nyumba hii huzima mijadala yote, kama vile maji yanavyozima moto.

Mmoja ni pande la kondoo, shingo nene, macho ya mgomvi. Wahab kamwita Jenerali. Anasema akishakuwa dume kamili la mapigano, Annaba nzima itanyamaza. (Annaba haijawahi kunyamaza hata kwa tetemeko la ardhi.) Wa pili — mama yao alikuwa na maziwa ya mtoto mmoja tu, basi wa kwanza kanyonya, wa pili katazama. Magoti na mbavu. Wahab hakumpa jina. Binti yangu Selsabil kampa: Zabibu.

Jumatatu, 15 Aprili

Selsabil ana miaka kumi na moja na watu dukani humuuliza ataanza lini shule. Kuna tezi chini ya ubongo, ndogo kama dengu, ambayo kazi yake ni kutoa homoni ya kukua. Ya kwake inatoa inapojisikia. Kwa hiyo tunamsaidia: kila jioni baada ya magharibi, kalamu ya sindano kutoka kwenye friji, paja la kulia, kesho la kushoto. Tangu Januari anajidunga mwenyewe, chumbani, mlango umefungwa. "Nimekuwa mkubwa, Mama." Nikajivuna. Niliwaambia hata wateja wangu, wakiwa wamesimama juu ya kiti nikiwapima pindo la gauni.

Mama mkwe wangu, Mma Tounes, anayekaa kwa Wahab, anasema zama zao mtoto alipewa samli na asali na akakua. Anayasema haya akiwa amepanda kigoda ili afikie sukari.

Ijumaa, 19 Aprili

Kuskusi ya Ijumaa kwetu. Wahab kala kwa watatu na kuhutubia kwa kumi. Anataka kumpeleka yule mdogo buchani. Nyama yake itakuwa mchuzi mwepesi, lakini ni mchuzi. Mma Tounes akaunga mkono.

"Asiyekua hana sababu ya kulishwa," Wahab akasema, na kujiongezea mbaazi.

Alikuwa anamsema kondoo. Najua alikuwa anamsema kondoo. Hata hivyo kila mtu akatazama pahala pasipo na Selsabil.

Selsabil akaweka kijiko chini. Akamuuliza ami yake: je, akikua? Wahab akacheka, akasema akikua atabaki, kwani yeye ana ugomvi gani na kondoo mkubwa.

Jumapili, 28 Aprili

Mtoto wangu sasa anaishi gereji. Anashuka na madaftari, anapanda na majani nyweleni. Jioni anachukua kalamu yake ya sindano, anaingia chumbani, anatoka, anashuka kuwaaga kondoo. Mimi naita huruma. Mma Tounes anaita kukosa malezi.

Mwenye bucha kasafiri Guelma kwa harusi ya mpwa wake, kwa hiyo Zabibu bado yu hai. Hali chakula kama wanavyokula kondoo wengine. Anagusa shayiri kwa pua, anamwachia Jenerali, anakwenda kusimama pembeni kama mgeni aliyekuja harusini bila kadi. Wahab anamwangalia na kutikisa kichwa.

Jumamosi, 4 Mei

Wahab kaazima futi yangu ya kushonea. Bila kuniuliza, kama desturi. Nimeikuta gereji, kaizungusha kwenye mguu wa Zabibu, amekunja uso. Kasema huyu kiumbe anarefuka. Hali zaidi, hanenepi, lakini miguu inarefuka.

Nilitazama. Kwa macho ya fundi: suruali imekuwa fupi. Ngozi ile ile, mifupa mingine.

Kesho kwangu ni kupiga pasi mashela ya watu, basi sikuliwaza zaidi. Kondoo ana haki ya kurefuka. Ningependa tu aniazime siri yake.

Jumatano, 15 Mei

Sasa njaa imekuja! Na imekuja na ukoo wake wote. Zabibu kamaliza shayiri yake, kamaliza ya Jenerali — Jenerali amesimama pembeni, kapigwa butwaa — kala kamba ya kiatu cha Wahab, kala karatasi niliyochorea mkono wa gauni la bibi harusi wa Alhamisi, na kutoka kitabu cha jiografia cha Selsabil kala Sahara yote. Anakunywa ndoo nzima kisha anaipiga kwa kichwa, anataka nyingine. Ukimshika mgongo, hakuna mafuta. Ni nyama na mifupa mirefu.

Wahab amekuwa profesa. Vijana wa mtaa wanakuja na simu zao, yeye anaegemea mlango wa gereji na kutoa darasa. Siri ni mchanganyiko wake: pumba, tende mbovu, na uwatu uliolowekwa. Uwatu ndio wenyewe, anasema, wengine hawajui kuuloweka. Juzi huyu alikuwa mchuzi mwepesi. Leo Wahab anamwita "mwanangu".

Mwanangu mimi, juu huku, anasukuma sahani. Nimempikia supu ya chorba, kaonja. Sambusa za bureki, kala pembe. Nikimtazama anasema ameshiba.

Jumanne, 21 Mei

Hospitali. Daktari Hamlaoui kamsimamisha Selsabil ukutani, kashusha ubao juu ya kichwa chake, kaandika. Kashusha tena, kaandika kile kile. Tangu kipimo cha mwisho, kabla ya Idi, mtoto hajakua hata kiasi cha ukucha.

Akaanza maswali. Dawa inakaa kwenye friji? Haigandi? Haisahauliki? Nikamjibu kwa adabu zote ambazo zilikuwa zimebaki. Friji yangu ina dawa, maziwa na heshima. Hatusahau.

Basi akasema kwa upole — madaktari wakiwa wapole ujue kuna jambo — kwamba kuna miili inayoacha kuisikiliza dawa hii. Atapima mara moja zaidi mwezi wa sita, kisha ataandika kwa kamati. Kamati haitoi dawa kwa mwili usioitikia. Itasimamishwa.

Nikasema asante. Sijui kwa nini tunasema asante.

 Njiani nilimnunulia Selsabil karanga za sukari, akazitia mfukoni.

Alhamisi, 23 Mei

Nimeshuka gereji kutafuta sanduku la nyuzi. Nimekanyaga kitu kwenye majani: kifuniko cha sindano. Kidogo, cha kijani. Nikapekua kwa mguu — na sindano yenyewe, nyembamba kama unywele. Sindano zetu. Nazijua kama ninavyozijua za cherehani yangu.

Nikakaa juu ya gunia la pumba. Nikamtazama Zabibu. Naye akanitazama huku akitafuna, mrefu, mzuri, hana wasiwasi.

Wahab anakwenda jimu, kule ambako wanaume wanajipuliza kwa sindano mpaka shingo inapotea. Wahab ana ufunguo wa nyumba yangu. Wahab ana kondoo aliyekuwa mbavu na sasa ni mnara, na mimi nina mtoto anayejidunga kila siku na hakui. Anachukua dawa, anajaza maji. Kwa hiyo mwanangu amekuwa akijidunga maji! Kikulacho ki nguoni mwako, na changu kinakuja kila Ijumaa na kuomba mbaazi.

Kila kitu kimeingiana, kama mkono wa gauni nililolikata mwenyewe.

Ijumaa, 24 Mei

Nilisubiri mpaka nyama ikagawiwa. Kisha nikaweka ile sindano mezani, karibu na sahani ya Wahab.

"Shemeji," nikamwambia, "hii imetoka gereji. Kwenye majani ya kondoo wako."

Aliitazama, akacheka. Kisha hakucheka tena. "Unaniita mwizi wa dawa ya mtoto?"

"Sikuiti jina. Nauliza tu huyo kondoo wako amesomea wapi kujidunga."

Nilijipenda kwa lile jibu kwa muda wa pumzi moja. Mma Tounes aliinuka, akasema tangu nilipoingia ukoo huu alijua ulimi wangu una makali ya mkasi. Lakhdar hakusema "ni ndugu yangu." Hiyo ilikuwa mara ya kwanza. Alitazama kuskusi yake kama mtu anayetafuta sindano nyingine humo. Selsabil alikuwa amesimama, uso mweupe kama unga, anasema "Mama, Mama." Nikamwambia atoke, haya ni mambo ya watu wazima.

Wahab alipiga kifua, akaapa kwa kaburi la baba yao. Nikamwambia marehemu apumzike, asihusishwe. Hapo akatupa kitambaa cha mikono, akashuka, na ngazi nzima ikamsikia: kwamba Jenerali atampeleka kwa rafiki, na Zabibu atampa Salah, mwenzake wa jimu, ambaye anamwoza dada yake Alhamisi ijayo. Kwa kuwa ni mali ya wizi, acha aliwe, ushahidi upotee.

Majirani walifungua milango kidogo kidogo, kwa ajili ya hewa.

Jumamosi, 25 Mei

Nimefungua boksi jipya la dawa, nimelifungia kwenye kisanduku, na ufunguo uko shingoni mwangu. Baada ya magharibi nikatia kalamu sindano mpya, nikamwita Selsabil, nikamwambia leo nadunga mimi.

Akakataa. Nikamshika mguu, akauvuta. Huyu mtoto ambaye hajawahi kulia kwa sindano tangu alipoanza, alilia kama anaporwa.

"Ukinidunga mimi, Zabibu atapewa nini?"

Sikuelewa. Nilielewa, lakini nilikataa kuelewa.

"Ami hajaiba kitu," akasema. "Ni mimi. Nilikuwa namdunga yeye. Pale ndani ya paja, ambapo hapana manyoya. Halii hata."

Ilikuwa dozi yake mwenyewe. Tangu ile Ijumaa ya mchuzi mwepesi. Anafunga mlango wa chumba, anaweka dozi, anaficha kalamu kwenye mkono wa sweta, anashuka kuwaaga kondoo. Na mimi jikoni, najivuna.

Nikamuuliza kwa nini. Nilimuuliza vibaya, kwa kelele. Alijibu taratibu, kama mimi ndiye mtoto na swali ni rahisi.

"Ami alisema asiyekua hana sababu ya kulishwa. Zabibu angechinjwa. Mimi hata nisipokua, hamtanichinja."

Nikakaa sakafuni. Nikamwambia hapana, hatutakuchinja. Ndilo neno pekee lililotoka. Mwanamke mwenye ulimi wa mkasi!

Hakudungwa na hakula. Nilikaa pale mpaka akalala.

Jumapili, 26 Mei

Nilimwambia Lakhdar akiwa amerudi alfajiri kutoka zamu ya kiwandani, bado na vumbi la chuma kwenye nyusi. Alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akaendelea kushika ukuta na haikuwa tena kucheka.

Asubuhi tukaenda kwa Daktari Hamlaoui, bila miadi, tukapita mbele ya foleni kwa sura zetu. Nikamweleza yote bila kupumua. Alivua miwani. Kwanza alimgombeza Selsabil, na alistahili. Dawa ya mtu si ya mnyama, hujui kipimo, ungeweza kumuua au kujichoma. Selsabil akaitikia kila neno.

Kisha mwanamume huyu wa sayansi akavuta kiti, akauliza kwa sauti nyingine kabisa: "Alikula vipi?"

Basi wakaanza! Nimekaa pale kama mzigo, binti yangu anamhadithia daktari jinsi mwanzoni Zabibu hakula zaidi, miguu ilirefuka tu, na siku moja njaa ikamshukia kama mvua, jinsi anavyokunywa, jinsi alivyo mwembamba mgongoni wakati Jenerali ana mafuta. Daktari anaitikia kwa kichwa. Ndivyo ilivyo, anasema, mwili unaanza kujenga, halafu ndipo unapiga kelele kudai matofali. Kwa nini mimi nilipoulizwa kuhusu hamu ya chakula ya mtoto niliambiwa nijibu ndiyo au la?

Selsabil akauliza kama Zabibu atarudi kuwa mdogo sasa. Daktari akasema mfupa uliorefuka haurudi ndani. Hataendelea kwa kasi ile, lakini alichokipata ni chake.

Kuhusu kamati: hataandika kitu mpaka vuli. "Tulimpima mtoto," akaniambia, "kumbe aliyetibiwa alikuwa kondoo." Lakini lazima adungwe kila jioni kuanzia sasa. Akamgeukia: je, utakubali?

"Zabibu akibaki hai," akasema.

Daktari akanitazama. Mimi nikatazama ukuta wenye ubao wa kupimia. Huyo kondoo amealikwa harusi ya Alhamisi, na aliyesababisha mwaliko ni mimi.

Jumanne, 28 Mei

Nimekwenda kwa Wahab. Nilibeba sahani ya makrudi mpya, kwani aibu bila sukari haimezeki. Mma Tounes kafungua mlango, kaiona sahani, kaipokea, kaufunga mlango. Nikabisha tena. Safari hii akatoka Wahab mwenyewe, akasimama kizingitini ili nibaki ngazini.

Nikamwambia nimekukosea, shemeji. Hukuiba. Nilikuvunjia heshima mezani kwangu, mbele ya mama yako.

"Sema kwa sauti," akasema. "Jirani wa ghorofa ya tatu ana shida ya masikio."

Nikasema kwa sauti. Nilisikia kikombe kikiwekwa chini nyuma ya mlango wa ghorofa ya tatu, kwa utulivu, ili kisivuruge.

Kisha nikamweleza nani alikuwa anadunga, na kwa nini. Nilimpa na ile sentensi yake ya mbaazi, neno kwa neno. Niliiona ikimfikia. Alishika fremu ya mlango, akatazama viatu vyake.  Nilipodhani sasa atalia, akauliza:

"Kwa hiyo si uwatu?"

Nikasema si uwatu.

Wallahi, kuitwa mwizi hakukumuumiza kiasi hicho. Alisema kanisamehe, lakini Salah keshapewa neno, na neno la mwanamume haligeuki. Wanaume wetu! Neno la kulipa gereji hugeuka, neno la kurudisha futi hugeuka. La kumchinja kipenzi cha mtoto ndilo la chuma.

Jumatano, 29 Mei

Naandika nimekaa jikoni, kwenye kona ya cherehani, mlango wazi, kwa sababu hakuna anayenitaka mezani.

Adhana ya magharibi imemalizika. Wahab yuko hapa. Alipanda ngazi akivuta kamba, na mwisho wa kamba yuko Zabibu, kwato zinateleza kwenye vigae vyangu. Hakueleza lolote kuhusu Salah. Alisema tu kwamba harusini kuna kuku. Mma Tounes kamfuata nyuma, kavaa haiki, lile shuka lake jeupe la kwenda kwa watu, kana kwamba anakuja kushuhudia mkataba. Lakhdar kampa kaka yake kiti. Kahawa imemiminwa. Hakuna aliyeinywa, isipokuwa Zabibu, ambaye kaonja ya Mma Tounes na kuendelea na kitambaa cha meza.

Kalamu ya sindano iko mbele ya Selsabil, tayari, na dozi imewekwa. Haigusi. Anamtazama ami yake.

Wahab kajaribu mzaha, haukuitikiwa. Kajaribu kumsifu, amekuwa daktari wa mifugo. Selsabil kamngoja amalize. Kisha kamwambia aape kwamba Zabibu hatachinjwa.

Nilidhani ataapa. Wahab huapa hata kwa bei ya nyanya. Lakini alimtazama yule mtoto, akamtazama kondoo, na akashindwa kumdanganya. Kasema kondoo ni kondoo, binti yangu, hata wale wanaopendwa. Anaweza kumwahidi mpaka Idi Kubwa ya mwaka kesho. Hatapigana, hatauzwa, atalishwa hadi ashibe, kama kuna kushiba. Mpaka hapo ana uhakika.

"Na baadaye?" Selsabil akauliza.

"Baadaye Mungu anajua."

Binti yangu akafikiri. Alikunja uso kama ninavyokunja mimi mteja akitaka nimpunguzie.

"Haya, Ami," akasema. "Na mimi nitajidunga mpaka Idi Kubwa ya mwaka kesho. Baadaye Mungu anajua."

  Lakhdar ananitazama mimi, kana kwamba ulimi ule umetoka kwenye cherehani yangu.

Wahab kajikuna shingo. Sasa anavuta kiti karibu na cha Selsabil, anauliza kwa sauti ya chini kama sindano inauma. Selsabil anamwambia Zabibu hakulia. Amekunja gauni juu ya goti, kaishika kalamu, na bado hajaibonyeza. Anamngoja ami yake alirudishe lile neno la asiyekua, na Wahab anamsogezea Zabibu pembe iliyobaki ya kitambaa cha meza.